Jedwali la Sita: Sheria ya Rungu na Risasi ya Polisi wa Kenya

Mipaka ya nguvu ambazo polisi wa Kenya anaruhusiwa kutumia imo katika kurasa chache mwishoni mwa Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya mwaka 2011. Kurasa hizo huitwa Jedwali la Sita. Kifungu cha 61 cha sheria hiyo ndicho kinachomwelekeza afisa huko: anaweza kutumia nguvu na silaha za moto, ila kwa kufuata kanuni za jedwali hilo. Akizivuka, sare haimkingi. Atapandishwa kizimbani kama mwananchi mwingine yeyote aliyemjeruhi au kumuua mtu.

Kanuni hizo hazikutungwa wakati wa utulivu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133, na 405 kati ya hivyo vilitokana na risasi. Ripoti yake ya Oktoba 2008, na baadaye ile ya jopo la Jaji mstaafu Philip Ransley la mwaka 2009, zilitaka polisi wafanyiwe mageuzi kuanzia makao makuu hadi kituo cha mwisho, na chombo huru cha raia kiundwe ili kuwachunguza. Sheria ya Polisi iliyotumika wakati huo, Sura ya 84, ilirithiwa kutoka utawala wa Waingereza. Kifungu chake cha 28 kilimruhusu polisi kumfyatulia risasi mshtakiwa au mfungwa wa kosa kubwa la jinai anayetoroka, mtu anayejaribu kwa nguvu kumwokoa aliye mikononi mwa polisi, na anayepinga kwa nguvu kukamatwa. Kwa huyo mtoro ilitosha polisi aamini kwamba hakuna njia nyingine ya kumzuia, kisha amwonye. Halikuwa sharti kwamba mtoro huyo awe hatari kwa maisha ya mtu yeyote.

Katiba ya 2010 ilipindua mpangilio huo. Kifungu chake cha 26 kinasema mtu hatanyimwa uhai kwa makusudi isipokuwa kwa kiasi kinachoruhusiwa na Katiba yenyewe au na sheria nyingine iliyoandikwa. Kwa hiyo amri ya mdomo, mazoea ya kituo au kauli ya jukwaani haiwezi kuwa msingi wa kuua. Kifungu cha 25 kinaweka uhuru dhidi ya mateso miongoni mwa haki chache zisizoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote ile. Kifungu cha 244 kinaitaka Huduma ya Polisi iwafunze watu wake kuheshimu haki za binadamu, na Kifungu cha 2 kinaifanya sheria ya kimataifa kuwa sehemu ya sheria za Kenya.

Huko kimataifa, nyaraka mbili za Umoja wa Mataifa ndizo chimbuko la mambo mengi: Kanuni za Maadili ya Watekelezaji wa Sheria za mwaka 1979, na Kanuni za Msingi kuhusu Matumizi ya Nguvu na Silaha za Moto zilizopitishwa Havana, Cuba, mwaka 1990. Hizi si mikataba, wala hakuna nchi iliyozitia saini. Lakini mahakama za kikanda huzirejelea mara kwa mara, na aliyelitunga Jedwali la Sita hakuficha kwamba alizisoma. Kanuni ya tisa ya Havana ndiyo kali kuliko zote: kutumia silaha kwa nia ya kuua kunaruhusiwa tu pale ambapo hakuna budi kabisa ili kuokoa maisha. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilishika msimamo huohuo katika Maoni ya Jumla Namba 3 kuhusu haki ya kuishi, mwaka 2015, na mwaka 2017 ikatoa mwongozo wa bara zima kuhusu namna ya kusimamia mikusanyiko.

Jedwali lenyewe lina sehemu mbili. Ya kwanza inahusu nguvu kwa jumla: mikono, pingu, rungu, mbwa, maji ya presha, gesi ya kutoa machozi. Kanuni yake ya kwanza ni kwamba polisi aanze kila mara na njia zisizo za nguvu, na atumie nguvu pale tu njia hizo zinaposhindwa au zinapoonekana wazi kwamba hazitafua dafu. Ya pili ni ya uwiano. Nguvu ipimwe kwa mambo matatu: lengo linalotafutwa, uzito wa kosa, na ukaidi wa anayeshikwa. Na hata hapo isizidi kiasi kinachohitajika.

Vipimo hivi viwili, ulazima na uwiano, huchanganywa mara nyingi, hata katika taarifa za polisi kwa wanahabari. Ulazima huuliza kama palikuwa na njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lilelile. Uwiano huuliza kama lengo lenyewe lilistahili madhara yaliyotarajiwa. Mchuuzi anayekimbia askari wa jiji akiwa na kapu la matunda anaweza kuwa hashikiki bila kuangushwa kwa rungu la kichwa; ulazima, kwa maana finyu, upo. Uwiano haupo kabisa, kwa sababu kosa la kuuza matunda bila leseni halilingani na fuvu lililopasuka. Ndiyo maana polisi anayejitetea kwa kusema kwamba hakukuwa na namna nyingine ya kumshika mtu bado hajajibu nusu ya swali.

Sheria nyingine za jinai zinaelekea upande huohuo. Kanuni ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 21, inamruhusu polisi kutumia njia zote zinazohitajika kumkamata anayepinga au kukwepa, kisha papo hapo inaongeza kwamba hakuna chochote katika kifungu hicho kinachohalalisha nguvu zaidi ya zile za kadiri. Kifungu cha 24 kinasema aliyekwisha kukamatwa asibanwe kuliko inavyotakiwa kuzuia asitoroke. Mtu aliyefungwa pingu na kulazwa kifudifudi hapingi tena. Kila pigo linaloongezwa baada ya hapo halina lengo ambalo sheria inalitambua. Likifikia mateso, kifungu cha 95 cha Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi kinatoa adhabu ya kifungo kisichozidi miaka 25.

Mwaka 2020 vipimo hivyo vilijaribiwa hadharani. Kafyu ya kuzuia korona ilianza Machi 27, na jioni hiyohiyo polisi waliwapiga wasafiri waliokuwa wakingoja kivuko cha Likoni, Mombasa, watu ambao hawangeweza kufika nyumbani kabla ya saa moja kwa sababu feri zenyewe zilikuwa zimechelewa na foleni ni ndefu. Chama cha Mawakili kilikwenda mahakamani. Mwezi Aprili Jaji Weldon Korir aliiacha kafyu isimame, ila akatamka kwamba kuitekeleza kwa nguvu zisizo za kadiri ni kinyume cha Katiba. Uamuzi huo unafaa kukumbukwa kwa jambo moja: uhalali wa amri hauhalalishi kila njia ya kuitekeleza. Kafyu inaweza kuwa halali, na rungu linaloisimamia lisiwe halali.

Gesi ya kutoa machozi na risasi za mpira zimekaa pabaya katika sheria ya Kenya. Jedwali halizitaji kwa undani, kwa hiyo zinabaki chini ya kanuni za jumla za ulazima na uwiano. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2020 kuhusu silaha zenye hatari pungufu umeingia ndani zaidi: mkebe wa gesi usielekezwe mwilini mwa mtu, gesi isirushwe mahali palipozibwa au pasipo na njia ya kutokea, na risasi za mpira zisimiminwe kiholela katika umati. Kwa jina zinaitwa silaha zisizo za kuua. Zimeua mara nyingi vya kutosha kuwafanya wataalamu waliache jina hilo.

Sehemu ya pili ya Jedwali inahusu silaha za moto, na hapo masharti yanabana zaidi. Ilipopitishwa mwaka 2011, ilitaja sababu mbili tu za kufyatua risasi: kuokoa maisha ya afisa au ya mtu mwingine, na kujitetea au kumtetea mwingine dhidi ya hatari ya kifo au jeraha baya iliyo karibu kutokea. Juu ya sababu zote likawekwa sharti moja, kwamba njia nyepesi zimeshindwa kukidhi. Hatari iliyo karibu ni ile isiyosubiri. Mwenye panga aliye hatua tatu kutoka kwa mtu na anakuja ni hatari ya namna hiyo. Mtu yuleyule akiwa ng'ambo ya barabara na ametupa panga lake chini siyo, hata kama dakika mbili zilizopita alikuwa tishio la kweli.

Kabla ya kufyatua, afisa ajitambulishe na atoe onyo lililo wazi, kisha ampe mwonywa muda wa kulitii. Onyo linaweza kuachwa tu ikiwa kulitoa kungemweka mtu katika hatari ya kufa au kuumia vibaya, au ikiwa ni dhahiri kwamba halingekuwa na maana. Watoto wametajwa mahsusi: kila juhudi ifanywe kuepuka kuwafyatulia. Jedwali halimwambii afisa apige hewani ili kuonya. Hata hivyo risasi ya hewani nayo ni matumizi ya silaha, na Jedwali linadai kila matumizi yaripotiwe kwa mkubwa wake papo hapo, hata kama hakuna aliyeumia. Kitakachopanda lazima kishuke. Machi 2020, siku chache baada ya tukio la Likoni, mtoto wa miaka 13 aliyekuwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, Nairobi, aliuawa kwa risasi wakati polisi wakisimamia kafyu mtaani. Maelezo ya kwanza ya polisi yalikuwa kwamba ni risasi iliyopotea. Afisa mmoja baadaye alishtakiwa kwa mauaji.

Mwaka 2014 Bunge liliifumua sehemu hii. Sababu mbili zikawa tano. Zilizoongezwa ni kulinda maisha na mali kwa matumizi ya nguvu yanayohalalika. Kumzuia aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa la jinai asitoroke kizuizini. Na kumzuia anayemwokoa au kujaribu kumwokoa mshtakiwa wa namna hiyo. Msomaji aliyeisoma Sura ya 84 ataitambua mara moja sura ya wageni wawili wa mwisho. Ni kifungu cha 28 cha zamani, kimerudi miaka mitatu tu baada ya kufukuzwa.

Tatizo la ruhusa ya kumfyatulia mtoro liko katika maana ya kosa kubwa. Kwa mujibu wa kifungu cha 4 cha Kanuni ya Adhabu, kosa linaloweza kumfunga mtu miaka mitatu au zaidi ni kubwa, ila kama sheria imelitaja kuwa dogo. Wizi wa kawaida, chini ya kifungu cha 275, unafika hapo. Aliyeshtakiwa kwa kuiba simu na akachomoka kutoka kwa askari nje ya mahakama anaingia, kwa herufi za sheria, katika kundi moja na aliyeshtakiwa kwa wizi wa kutumia bunduki. Kinachomwokoa ni masharti mengine ya Jedwali hilohilo: uwiano, ulazima, na njia nyepesi kwanza. Afisa anayesoma aya moja na kuziacha nyingine anajitafutia kesi.

Aya hiyo ina mipaka mingine isiyosemwa sana. Inamhusu aliyekwisha kushtakiwa, na aliye kizuizini kihalali. Kijana anayetimua mbio kwenye vichochoro vya Mathare au Kisauni baada ya kuona gari la polisi hajashtakiwa kwa lolote, na hajakuwa mikononi mwa mtu. Hata marekebisho ya 2014 hayatoi ruhusa ya kumpiga risasi mgongoni kwa sababu tu anakimbia. Taarifa za polisi zinazosema mshukiwa aliuawa alipokuwa akijaribu kutoroka huwa, mara nyingi, zinaeleza jambo ambalo sheria haijaliruhusu, na huliandika kama utetezi.

Kanuni ya kumuua mtoro ilitoka Uingereza ya kale, ambako karibu makosa yote makubwa yalikuwa ya kunyongwa. Aliyeuawa akikimbia alihesabiwa kuwa ametangulia tu kufika alikokuwa akipelekwa. Uingereza yenyewe ilifuta tofauti kati ya makosa makubwa na madogo mwaka 1967 na kubakiza kipimo cha nguvu za kadiri. Marekani ilifika huko mwaka 1985 kupitia kesi ya Tennessee dhidi ya Garner. Mvulana wa miaka 15, asiye na silaha, alipigwa risasi mwaka 1974 mjini Memphis akipanda ua baada ya kuvunja nyumba. Sheria ya jimbo ilimruhusu polisi kufanya hivyo. Mahakama ya Juu ilisema Katiba hairuhusu: mtoro asiyekuwa tishio kwa maisha asiuawe ili tu asitoroke. Ni ajabu kidogo kwamba kanuni iliyozeekea ilikozaliwa ilipewa maisha mapya Nairobi mwaka 2014.

Sababu ya kulinda mali nayo ina kasoro ya namna yake. Inasema risasi itumike kulinda maisha na mali kwa nguvu zinazohalalika, bila kusema zinahalalishwa na nini. Sheria inayojirejelea yenyewe namna hiyo haimwongozi afisa aliye barabarani. Tafsiri pekee inayopatana na Kifungu cha 26 na kanuni za Havana ni kwamba mali inalindwa kwa risasi pale tu tishio dhidi yake ni tishio pia kwa uhai, mfano nyumba inayochomwa watu wakiwa ndani. Duka tupu linalovunjwa usiku ni kosa la jinai, wala si sababu ya kuua.

Suala hilo lilitoka vitabuni Julai 2025, Rais William Ruto aliposema hadharani kwamba anayepatikana akichoma biashara ya mwingine apigwe risasi ya mguu, apelekwe hospitali, kisha afikishwe kortini. Jedwali halina daraja la risasi ya mguu. Halitofautishi kiungo na kiungo. Kila risasi inayoelekezwa kwa mtu ni matumizi ya silaha ya moto na inahitaji sababu ileile ya kuokoa maisha. Kitaalamu pia hoja hiyo ni dhaifu. Mguu unaokimbia ni shabaha ndogo, risasi iliyokosa huendelea na safari yake hadi kwa mtu mwingine, na mshipa mkubwa wa paja ukikatika mtu huweza kufa kwa dakika chache kabla ya gari la wagonjwa kuwashwa.

Katika maandamano sheria huongeza tabaka jingine. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kugoma kwa amani na bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inataka mkuu wa kituo apewe taarifa siku zisizopungua tatu na zisizozidi 14 kabla. Ni taarifa, si ombi la kibali, ingawa vituo vingi huichukulia kama ombi. Kifungu cha 14 cha sheria hiyo, ambayo nayo ni ya zamani, kina busara isiyotarajiwa: nguvu isizidi inayohitajika, bunduki isitumike kabla silaha zenye hatari ndogo kujaribiwa hali ikiruhusu, na ikitumika iwe kwa uangalifu, bila pupa wala uzembe. Kando yake kimekaa kifungu cha 82 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomwondolea lawama anayetumia nguvu za lazima dhidi ya wafanya ghasia waliokataa kutawanyika baada ya tangazo, hata kama mtu atakufa. Vifungu hivyo viwili vilitungwa na dola iliyowaona watu waliokusanyika kama adui. Leo vinapaswa kusomwa chini ya Katiba, na kwa usomaji huo mwandamanaji mmoja anayerusha mawe haufanyi umati mzima kuwa wa ghasia. Anashughulikiwa yeye, na wengine wanabaki na haki yao.

Juni 2024, maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha yaliwafikisha waandamanaji ndani ya Bunge tarehe 25, na polisi wakafyatua risasi za moto. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu wapatao 60 waliokufa katika wimbi zima la maandamano ya mwaka huo. Siku tatu baada ya Bunge kuvamiwa, Jaji Mugure Thande wa Mahakama Kuu ya Malindi alitoa agizo la muda kuwazuia polisi kutumia risasi za moto, risasi za mpira, gesi na maji ya presha dhidi ya waandamanaji wenye amani. Kwa yaliyomo, agizo hilo halikuongeza kitu ambacho Jedwali la Sita halikuwa limekisema miaka 13 nyuma yake. Kwamba lilihitajika ni habari yenyewe.

Jedwali limekata pia utetezi unaopendwa kuliko wote. Sehemu yake kuhusu nguvu inasema kutii amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Katiba inaongeza ukuta mwingine: Waziri anaweza kumpa Inspekta Jenerali maelekezo ya kisera, tena kwa maandishi, lakini hakuna mtu anayeruhusiwa kumwelekeza kuhusu uchunguzi wa kosa fulani au utekelezaji wa sheria dhidi ya mtu fulani. Konstebo aliyeambiwa apige risasi ana haki ya kukataa, na kwa kweli ana wajibu. Jinsi anavyoweza kukataa na akabaki kazini ni jambo ambalo sheria imelieleza kwa uchache mno.

Swali la kinyume chake, la mkubwa kuwajibika kwa kilichofanywa na walio chini yake, liliibuka Kisumu. Usiku wa Agosti 2017, baada ya matokeo ya urais kutangazwa, polisi waliingia katika nyumba za Nyalenda, na mtoto mchanga wa miezi sita akapigwa kichwani; alifariki siku chache baadaye. Nani hasa alishika rungu usiku ule wa giza na gesi lilikuwa jambo gumu kuthibitisha. Mwaka 2019 hakimu aliyesikiliza uchunguzi wa kifo hicho aliwaona makamanda wa operesheni kuwa na lawama. Oktoba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma alitangaza mashtaka dhidi ya maafisa 12, wakiwemo wakubwa, chini ya Sheria ya Uhalifu wa Kimataifa ya mwaka 2008. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Kenya kutumia shtaka la uhalifu dhidi ya ubinadamu, ambalo linaruhusu kamanda ahukumiwe kwa alichokijua na akakiacha kitendeke.

Wajibu unaofuata baada ya nguvu kutumika ni mwepesi kuuandika na mzito kuutimiza. Polisi waliopo wampe aliyejeruhiwa huduma ya kwanza mara moja. Kutofanya hivyo bila sababu ya maana ni kosa la jinai. Wawajulishe jamaa zake. Aliyetumia nguvu aripoti kwa mkubwa wake. Kifo au jeraha baya likitokea, mkuu wa kituo alifikishe suala hilo kwa Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 na kuanza kazi mwaka uliofuata. Mahali pa tukio palindwe, na ushahidi usiguswe.

Mashtaka mengi hufia hapa, kabla hata ya kuzaliwa. Maganda ya risasi huokotwa. Daftari la silaha, linaloonyesha ni nani alichukua bunduki gani na kuirudisha na risasi ngapi, hukosekana au huwa na ukurasa uliochanika. Kesi ya kituo cha Ruaraka inaonyesha hatari yenyewe. Desemba 2013 mahabusu alipigwa kituoni na kufa, na mahabusu mwenzake akabambikwa kosa hilo. IPOA ilipochunguza, mkuu wa kituo mwenyewe ndiye aliyeshtakiwa, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ikamhukumu kifo. Bila mchunguzi wa nje ya kituo, mtu asiye na hatia angebaki na mzigo huo.

Utambulisho ni sehemu ya wajibu huohuo. Jedwali linamtaka polisi aliyevaa sare awe na jina au namba yake ya kazi mahali panapoonekana. Mwaka 2024 wananchi waliona wanaume waliofunika nyuso, wenye nguo za kiraia na magari yasiyo na namba halisi, wakikamata na kufyatua risasi. Agosti mwaka huo Jaji Bahati Mwamuye aliagiza polisi wanaosimamia maandamano wavae sare na wasifiche nyuso zao. Kanuni zote za uwiano hazina kazi pale ambapo hakuna anayeweza kusema ni afisa gani aliyezivunja.

IPOA ikimaliza uchunguzi haipeleki mtu mahakamani yenyewe. Hupendekeza kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na yeye ndiye huamua. Kesi ikisikizwa, kipimo cha kujitetea hakitoki katika Jedwali. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinaagiza kifuate misingi ya sheria za kimila za Kiingereza. Msingi mmojawapo ulithibitishwa mwaka 1987 na Baraza la Faragha jijini London katika rufaa ya afisa wa polisi wa Jamaica, Beckford: anayejitetea hupimwa kwa hali aliyoiamini kwa dhati, hata kama aliamini vibaya. Afisa aliyedhani kwa kweli kwamba mshukiwa ana bastola anaweza kuachiliwa ingawa mkononi palikuwa na simu. Msingi huo ni wa huruma kwa raia aliyeamshwa na mwizi usiku wa manane. Kwa polisi aliyefunzwa, aliye na silaha na aliyechagua mwenyewe wakati na mahali pa kuingia, ni mlegevu kupita kiasi, na haulingani na ukali wa Jedwali.

Hata hivyo si kila maelezo hupita. Agosti 2014 polisi walivamia nyumba usiku huko Kinango, Kwale, wakimtafuta mtu mwingine, na binti wa miaka 14 akauawa kwa risasi. Walidai aliwashambulia kwa panga. Mwili ulifukuliwa ili uchunguzwe upya, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwatia hatiani maafisa wawili kwa kuua bila kukusudia na kuwafunga miaka saba kila mmoja. Hiyo ndiyo hukumu ya kwanza iliyotokana na uchunguzi wa IPOA.

Njia ya pili haimhitaji mwendesha mashtaka. Familia inaweza kufungua ombi la kikatiba chini ya Kifungu cha 22, na mahakama chini ya Kifungu cha 23 ikatoa tamko, zuio au fidia. Hapo haki ya kuishi ndiyo inayopimwa, na ushahidi hupimwa kwa uzito wa uwezekano badala ya kuondoa shaka zote. Serikali hubeba lawama hata kama afisa aliyefyatua hajulikani kwa jina. Fidia hutoka katika hazina ya umma, si mfukoni mwa aliyevunja sheria. Kesi ya madai ya kawaida dhidi ya Serikali, kwa upande wake, lazima ifunguliwe ndani ya miezi 12 tangu tukio, kwa mujibu wa Sura ya 39, wakati ombi la kikatiba halina kikomo kilichoandikwa ingawa majaji huuliza sababu ya kuchelewa. Familia nyingi zinazosubiri kwanza ripoti ya polisi, kisha ya daktari, kisha ya IPOA, hujikuta njia ya kesi ya madai imefungwa na limebaki ombi la kikatiba tu.